Konokono Asiye wa Kwetu

Ukimwuliza mtu Kakamega inasifika kwa nini, atakujibu bila kusita: msitu, miwa, vita vya mafahali na dhahabu. Sijapata kumsikia mtu akitaja konokono. Ndiyo maana nimemwomba Mhariri anipe kurasa chache za jarida letu la mwaka huu nimtafutie konokono mmoja mahali pake. Huyu alitaka kutuharibia chemchemi, akazua ubishi hadi kanisani, akamtoa mwalimu mmoja nauli ya kwenda na kurudi Kisumu, na yote hayo kayafanya ilhali ni mfu wa kale ajabu.

Wengi wenu mmelisikia tu jiwe hilo, kwa hivyo acheni nilieleze. Kwa ukubwa ni kama yai la bata. Rangi yake ni nyeupe iliyochanganyika na kijivu. Upande mmoja ni jiwe la kawaida tu, gumu, lenye vijitundu. Upande wa pili limetokeza gamba la konokono, nusu nje nusu ndani, kama mtu aliyelala akajifunika blanketi hadi kiunoni. Mizunguko yake inaonekana wazi, mitano kamili, na ncha yake imevunjika. Ukilishika mkononi ndipo unaposhangaa, kwa sababu gamba la konokono wa shambani ni jepesi, ukilipuliza linaruka, lakini hili ni zito na limejaa ndani. Aliyekuwa akiishi humo ametoka, jiwe likaingia.

Nililiokota mwezi wa tano katika kijito kilicho chini ya boma letu hapa Butali. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo, maji yakafurika, na yalipopungua nikateremka kufua sare. Sisi wanafunzi wa kutwa sare ni moja, ikichafuka Ijumaa lazima ikauke Jumapili. Jiwe lilikuwa limekwama kwenye mizizi ya mti, mita chache chini ya chemchemi tunamoteka maji, sisi na majirani wote wa upande ule.

Kukhu aliligeuza mara mbili tu, akasema ni nyumba ya konokono iliyoingiwa na jiwe, nisiilete karibu na chakula. Mwenzangu wa dawati alisema ni pembe ya mnyama. Jumapili mtu mmoja alilipeleka habari zake kanisani, na baada ya ibada wazee wawili wakawa wanabishana nje: mmoja anasema hiyo ni alama ya Gharika, bahari ilifika hata kwetu, mwingine anamwuliza mbona basi ililetwa moja tu. Binamu yangu ndiye aliyeleta balaa. Yeye alilitazama lile jiwe, akatazama lilikotoka, akasema neno moja tu: "Dhahabu."

Msimcheke. Huku kwetu neno hilo lina historia. Mwaka 1931 dhahabu ilipatikana Kakamega, wazungu wakamiminika na mahema yao, na ardhi ya wenyeji ikachimbwa huku na huku. Mgodi wa Rosterman ulifanya kazi hadi mwaka 1952. Kampuni ilipoondoka, watu hawakuacha. Mpaka leo kuna sehemu za kaunti hii ambako watu huteremka mashimoni kwa kamba na kuosha udongo kwa karai. Kwa hivyo kijana asiye na kazi akisikia kuna jiwe la ajabu limetoka ardhini, hahitaji kushawishiwa. Siku ya tatu walikuwa tisa ukingoni mwa kijito, wana majembe, sururu na makarai, na shimo lao lilikuwa hatua kumi na mbili tu kutoka chemchemi. Hatua hizo nilizihesabu mwenyewe.

Siku ya tano maji ya kunywa yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa.

Akina mama walilalamika, wakaambiwa wasubiri kidogo. Kukhu akateremka na mkongojo wake. Nilikuwa nyuma yake nimebeba mtungi. Aliwaambia chemchemi hiyo aliikuta alipoolewa na hajapata kuiona ikiwa chafu hata mwaka mmoja. Binamu akavua kofia, maana adabu anayo, akamjibu polepole: "Kukhu, sisi hatukatai. Lakini tuthibitishie kwamba hapa hakuna kitu, tutafukia leo leo."

Kukhu hakuwa na la kuthibitisha. Alinitazama mimi. Kwani si mimi niliyeleta jiwe?

Basi Jumatatu nililibeba hadi shuleni likiwa ndani ya soksi. Mwalimu wa fizikia alitupa mizani na kopo la kupimia ujazo, lile la majaribio ya kidato cha kwanza ambalo maji hutoka kwa mdomo wake. Uzani ulikuwa gramu 162, na maji yaliyomwagika sentimita mchemraba 61. Mkigawanya mtapata 2.66. Nilifurahi kupata jibu, ila mwalimu akasema namba hiyo haifungui mlango wowote, kwa sababu graniti iko hapo hapo, na jiwe la chokaa liko karibu sana. Ilitujulisha jambo moja tu, kwamba ndani hamna uwazi, ni jiwe tupu hadi katikati.

Mwalimu wa kemia alidondosha tone moja la asidi haidrokloriki iliyozimuliwa juu ya gamba. Likatoa povu. Hilo halikumshangaza mtu, kwani gamba la konokono yeyote, hata aliyekufa jana, limejengwa kwa kalsiamu kaboneti, na kaboneti ikikutana na asidi hutoa hewa ya kaboni dayoksaidi. Kisha akadondosha tone la pili upande ule mwingine, upande wa jiwe la kawaida. Povu! Tena jingi kuliko la kwanza. Hapo alinyamaza kidogo. Akatuma mtu nje alete mawe matatu yoyote ya uwanjani, akayadondoshea moja moja. Kimya. Asidi ilikaa juu yake kama maji juu ya jani la nduma.

Mwalimu wa jiografia, aliyekuwa amesimama mlangoni akisubiri zamu yake ya darasa, ndiye aliyesema maneno ambayo sijayasahau: "Mmemwangalia konokono vya kutosha. Sasa angalieni alichokalia."

Alichokalia ni jiwe la chokaa. Na Butali hakuna jiwe la chokaa.

Hapa naomba mvumilie niwape somo kidogo, nalo halimo katika mtihani. Miamba ya upande huu wa magharibi ya Kenya ni miongoni mwa mikongwe kabisa nchini. Wanajiolojia wameigawa katika makundi waliyoyaita Nyanzian na Kavirondian, na umri wake unapita miaka milioni 2,500. Dhahabu ya Kakamega imo humo humo, katika mishipa ya mawe meupe ya kwatzi iliyopenya mwamba. Sasa, wanyama wenye magamba magumu walianza kuonekana duniani kadiri ya miaka milioni 540 iliyopita tu. Mwalimu alitufanyia hesabu ubaoni. Tuseme mwamba wetu ulizaliwa saa kumi na mbili asubuhi na sasa ni saa kumi na mbili jioni. Gamba la kwanza baharini litaonekana saa tisa na dakika ishirini na kitu alasiri. Kabla ya hapo, mchana kutwa, hakuna hata kombe moja. Kwa hivyo mtu akikuambia amepata konokono ndani ya mwamba wa Kakamega, ni kama kukuambia amemkuta mjukuu kwenye harusi ya babu na bibi, tena ameshaota mvi.

Kuna aliyeuliza, na ni swali la haki, je, si huenda konokono huyu aliingia kwenye udongo tu, si kwenye mwamba, halafu akageuka jiwe hapo kijitoni? Jibu lake liko mashambani mwetu. Udongo wa huku una asidi, mvua zetu ni nyingi, na mkulima anayepima udongo mara nyingi huambiwa aongeze chokaa. Kama ile asidi iliyotoa povu maabara, asidi ya udongo nayo hufanya kazi, ila polepole. Nilijaribu kutafuta magamba makuukuu ya konokono nyuma ya zizi. Ya msimu huu nilipata mengi, yakiwa na michirizi yao ya kahawia. Yaliyozikwa kidogo yalikuwa meupe, laini, yanameguka kwa kidole kama biskuti. Hapa kwetu konokono hapati nafasi ya kugeuka jiwe.

Na bahari je? Sitaki kubishana na wazee wa kanisa, Gharika wana mahali pa kuisomea, nami siwezi kuifunga wala kuifungua kwa jiwe moja. Lakini mwalimu alituambia kisa kimoja cha kweli ambacho kilinifanya niwe mwangalifu kusema haiwezekani. Mwaka 1964 mtaalamu wa Kimarekani aitwaye James Mead aliokota mifupa ya nyangumi Loperot, huko Turkana, mahali palipo kilomita 740 kutoka bahari ya leo. Nyangumi Turkana! Mifupa hiyo ilipelekwa Marekani, ikaja ikapotea ndani ya hifadhi kwa miaka mingi, ikaonekana tena mwaka 2011, na mwaka 2015 uchunguzi wake ukachapishwa. Ni wa kadiri ya miaka milioni 17. Wala bahari haikufika Turkana. Nyangumi ndiye aliyepotea njia, akapanda mto mkubwa uliokuwa ukitiririka polepole katika nchi tambarare. Leo mahali hapo pana urefu wa mita 620 juu ya usawa wa bahari, na mto wa namna ile hauwezi kupanda hivyo. Kwa nyangumi mmoja aliyepotea, wataalamu wamejua kwamba nchi yenyewe iliinuka baadaye. Mifupa hiyo ingeokotwa bila kuandikwa ilikotoka, ingekuwa mifupa ya nyangumi tu, na nyangumi wako wengi.

Wetu hakuwa wa baharini. Mwalimu wa biolojia alimweka kando ya konokono wa shambani, ncha juu, mdomo chini. Wote wawili wamejizungusha upande wa kulia, mizunguko inapanuka kwa mwendo ule ule, gamba ni jembamba, halina miiba wala ule mfereji mdomoni walio nao baadhi ya konokono wa baharini. Alisema kwa kadiri aonavyo yeye ni konokono wa nchi kavu, wa ukoo unaofanana na hawa hawa wanaotafuna kabichi za Kukhu. Jina kamili ni kazi ya mtaalamu aliye na darubini na makabati ya kulinganisha.

Swali likabaki moja. Ametoka wapi?

Kuna mgeni mmoja alikuwa na jibu lake: haidhuru alikotoka. Alikuja na gari siku ya Jumatano, akaniita kando ya barabara, akaniahidi shilingi 4,000 taslimu. Mtoto wa shule ya kutwa akitajiwa pesa hizo masikio hulia. Lakini mwalimu wa jiografia alikuwa ameshatuambia kwamba kuna Sheria ya Makavazi na Turathi za Kitaifa ya mwaka 2006, na kwamba anayeokota kitu cha namna hii anatakiwa kuwaarifu Makavazi ya Kitaifa katika siku 7, na aeleze mahali hasa alipokipata. Nilimwambia yule mgeni jiwe liko shuleni. Lilikuwa shuleni kweli, ndani ya sanduku la chaki.

Jumamosi asubuhi nilifanya kitu ambacho wachimbaji hawakukifanya, nilifuata kijito kwenda juu. Nilibeba kisu, chupa ndogo ya siki na mdogo wangu wa darasa la sita wa kushika chupa. Siki ni asidi dhaifu, kwa hivyo lazima kwanza ukwaruze jiwe upate unga kidogo, halafu udondoshe na kuinamisha sikio. Tulijaribu kila jiwe jeupe au la kijivu. Kwenye shimo la binamu na wenzake, hakuna. Walitucheka, tukaendelea. Juu ya chemchemi, hakuna. Karibu na kivuko cha miguu, pale watu wa ng'ambo wanapovukia kwenda sokoni, mdogo wangu akasema, "Hili linaongea." Kweli, lilikuwa likichemka taratibu. Hatua mbili mbele lilikuwapo la pili. Kivukoni penyewe tulihesabu kumi na moja, yamepangwa kwenye matope ili mtu asizame.

Tukapanda zaidi, kama robo kilomita juu ya kivuko. Hapakuwa na jiwe la kuongea hata moja. Kwa hiyo mawe hayo hayakuja na kijito. Yalianzia kivukoni, na kivukoni huletwa na mkono wa mtu.

Boma lililo karibu na kivuko ni la mzee mmoja mjane ambaye sisi watoto tulikuwa tukimwogopa kwa sababu ya mbwa wake. Nilimpigia hodi nikiwa mbali. "Mulembe, Mzee." "Mulembe. Wewe ni wa nani?" Nikajitaja kwa jina la Kukhu, mbwa akafungwa, tukakaribishwa viti. Nilimwonyesha mojawapo ya yale mawe ya kivukoni, nikamwuliza kama anajua ni nani aliyeyatia pale.

"Ni vijana wangu," akasema. "Walipojenga hiyo nyumba ya mabati waliyatoa hapa mlangoni, wakayatupa mtoni ili watu wapite. Yalikuwa ya mama yao. Yalizunguka maua yake."

"Na mama aliyatoa wapi, Mzee?"

"Mimi ndimi niliyamletea. Kutoka Koru."

Alikuwa mpasua mawe Koru kwa miaka mingi. Huko mawe ya chokaa huchimbwa na kuchomwa, chokaa ikaenda kwenye majengo, mashamba, hata viwanda vya sukari ambavyo huitumia kusafishia maji ya miwa. Alipostaafu mwaka 1994 alikuja na magunia mawili ya mawe meupe juu ya basi, kondakta akimtukana njia nzima, kwa sababu mkewe alikuwa amemwagizia kitu cheupe cha kupambia maua. Nilipomweleza juu ya jiwe lenye konokono hakungoja nimalize. Alishika sikio lake. "Lile lenye sikio? Lilikuwa karibu na ngazi. Yeye mwenyewe alilichagua. Alikuwa akisema linasikiliza wageni."

Sikuwa na neno. Mdogo wangu ndiye aliyeuliza kama kulikuwa na mengine. Mzee akasema mawe yenye konokono na vipande vya mifupa waliyaona mara kwa mara kazini, na wakati mwingine watu wenye nyundo ndogo walikuja kuyatafuta.

Maneno hayo hayakunishangaza nilipokwisha kuisoma habari ya Koru, na nadhani kila mwanafunzi wa huku magharibi angestahili kuijua. Mwaka 1926 hivi, daktari mmoja mlowezi aitwaye Gordon aliona mifupa katika mawe ya chokaa ya Koru. Ilipelekwa London. Mtaalamu A. T. Hopwood akatambua humo taya la nyani mkubwa wa kale, akaja mwenyewe Kenya mwaka 1931, na mwaka 1933 akamwita nyani huyo Proconsul. Maana yake ni "aliyemtangulia Consul", na Consul lilikuwa jina la sokwe aliyejulikana huko Uingereza kwa michezo yake. Yaani taya la Koru liliingia katika vitabu vya dunia nzima kwa jina la sokwe wa maonyesho. Baadaye akina Leakey walihamishia nguvu Rusinga, ambako Mary Leakey aliona fuvu la Proconsul mwaka 1948.

Lakini mimi nilikuwa natafuta konokono, si nyani. Na konokono wapo. Umri wa mawe ya Koru ni kadiri ya miaka milioni 20. Katika ile hesabu ya mwalimu, ni kama dakika sita kabla ya saa kumi na mbili jioni. Wakati huo volkano ya Tinderet ilikuwa ikitema majivu yenye chokaa nyingi, na chokaa ndiyo adui wa asidi. Pale ambapo udongo wetu wa Butali hula gamba mwaka mmoja, majivu yale yalilifunika na kulilinda. Rusinga, kwenye volkano nyingine ya namna hiyo, wamepatikana hata viwavi, matunda na kichwa cha mjusi kikiwa na ulimi wake. Mwaka 1963 Bernard Verdcourt, ambaye kazi yake ya mshahara Nairobi ilikuwa mimea lakini moyo wake nusu ulikuwa kwa konokono, alichapisha makala nzima juu ya konokono wa kale wa Rusinga, Koru na sehemu jirani. Aliona kwamba wengi wao ni wa koo ambazo bado zinaishi Afrika Mashariki. Kwa kuwa konokono huchagua sana mahali pa kukaa, huyu msituni, yule penye nyasi kavu, magamba yao yanaweza kuwaambia wataalamu mahali pale palikuwa na miti au hapakuwa nayo. Nyani hawezi kukuambia hivyo kwa urahisi. Yeye hupita tu.

Kutoka Koru hadi Butali ni zaidi ya kilomita 70 hata kwa ndege arukaye moja kwa moja. Hakuna mto unaoweza kubeba jiwe huko ukalileta huku: maji ya Koru hushuka na Mto Nyando, yetu hushuka na Nzoia, na hayaonani mpaka Ziwa Victoria. Basi na magunia mawili ndiyo njia pekee.

Jumapili baada ya ibada nilikwenda kwenye shimo pamoja na Kukhu, mwalimu wa jiografia na yule Mzee, ambaye hakuwa ameteremka kijitoni muda mrefu. Shimo lilikuwa limefika kimo cha mtu. Sikutoa hotuba. Nilimpa binamu yangu kisu na chupa ya siki, nikamwambia akwaruze jiwe lolote alitakalo kutoka shimoni mwake. Alikwaruza sita. Kisha nikampa moja la kivukoni. Aliinamisha sikio, akalisikia, akalirudia tena na siki zaidi. Mzee akaeleza habari ya magunia. Mmoja wa vijana akauliza kwa sauti ya kukata tamaa, "Kwa hivyo tumechimba bustani ya mama wa watu?" Watu wakacheka, hata Mzee.

Binamu hakucheka. Alinivuta kando, akaniuliza kama mwamba huu wa kwetu ndio ule ule wenye dhahabu, kama mwalimu alivyosema. Nikamwambia ni wa umri huo, ndiyo, ila jiwe lililomwita hapa halikuwa na uhusiano nao. Akafikiri. Nilijua anachofikiri. Lakini alikuwa ametoa neno lake mbele ya Kukhu, na Kukhu alikuwa amesimama pale pale na mkongojo. Walianza kufukia saa nane. Maji yalichukua siku nne kutulia, na ya kwanza kuyateka alikuwa ni yeye Kukhu, akanywa pale pale kwa kiganja.

Kabla jiwe halijapelekwa Makavazi ya Kisumu, mwalimu alisema ni haki kumwuliza mwenyewe. Mzee alilishika muda mrefu, akapitisha kidole gumba kwenye mizunguko, kutoka ule mkubwa hadi pale ncha ilipovunjika. Alisema hajui walikuwa wameoana miaka mingapi alipolileta, mkewe ndiye aliyekuwa akihesabu. Kisha akasema litwaliwe, mlangoni hapana maua tena.

Karatasi ya kufungia jiwe tuliiandika wote pamoja mezani kwake. Mwalimu aliandika: Konokono wa nchi kavu katika jiwe la chokaa. Limeokotwa kijitoni, Butali, Kaunti ya Kakamega. Asili yake ni Koru, kwa kauli ya mzee aliyelileta mwaka 1994. Akatusomea. Mzee aliuliza kama mtu huruhusiwa kuongeza neno. Mwalimu akasema naam, ni lipi? Akataka iandikwe kwamba mwenye jiwe alikuwa akiliita Sikio.

Nafasi ilikuwa imekwisha, kwa hiyo mwalimu aliligeuza karatasi akaliandika nyuma.